Malawi na Migodi ya Makaburu

Tarehe 4 Aprili, 1974, ndege iliyowachukua wachimba migodi wa Malawi waliokuwa wakirejea kutoka Afrika Kusini ilianguka Francistown, Botswana, ikiwa imetiwa mafuta yasiyofaa. Watu zaidi ya 70 walipoteza maisha. Rais Kamuzu Banda akapiga marufuku uandikishaji wa wachimbaji.

Ikumbukwe kwamba wakati huo Wamalawi zaidi ya 100,000 walikuwa katika migodi hiyo. Sehemu kubwa ya ujira wao haikulipwa huko. Ilizuiliwa, ikapelekwa Malawi, na mwenyewe akaipokea kwa kwacha aliporejea. Hivyo Serikali ilijipatia fedha za kigeni. Mke aliyebaki kijijini alipata kungoja.

Makaburu walishtuka, kwani dhahabu yao ilichimbwa kwa mikono ya wageni. Hata hivyo, pigo halikuwa lao peke yao. Wamalawi wengi waliorudi waliishia katika mashamba makubwa ya tumbaku, kwa ujira mdogo kuliko ule wa mgodini. Na mashamba hayo yalikuwa ya wakubwa. Mwaka 1977 mlango ulifunguliwa tena, safari hii kwa idadi ndogo iliyowekewa kikomo.