Kodi Inapohamia Barabarani: Halmashauri na Mlipaji Asiyeandikwa katika Delta ya Rufiji

Katika masomo ya uchumi wa siasa, maelezo yaliyozoeleka kuhusu kodi ni kwamba mtawala anahitaji fedha, wenye fedha wanadai kusikilizwa kabla ya kuzitoa, na katika mvutano huo huzaliwa bunge, bajeti na ukaguzi wa hesabu. Joseph Schumpeter, katika andiko lake la 1918 kuhusu dola ya kodi, aliiona hazina kuwa mahali pazuri pa kuanzia mtu anayetaka kuichunguza jamii. Maelezo hayo yalitokana na historia ya Ulaya na yana ukweli wake. Ukiyafikisha Kibiti na kwenye delta ya Rufiji, pwani ya Tanzania, yanakwama. Watu wa huko wametozwa kwa zaidi ya karne moja chini ya tawala tatu, lakini kutozwa huko hakujawapa nguvu ya kuihoji serikali. Hoja ya makala hii ni kwamba kodi humjenga raia pale tu anapojulikana kuwa ametoa, ametoa kiasi gani, na anapoweza kusimama kwenye mkutano akiwa na ushahidi huo mkononi. Rufiji hali hiyo haijawahi kuwepo kikamilifu.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Mwaka huohuo waliitangaza mikoko ya delta, msitu mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki, kuwa hifadhi ya serikali. Hatua hizi mbili lazima zisomwe pamoja. Serikali ilidai rupia, na papo hapo ikafunga mlango uliokuwa ukiingiza rupia, kwa kuwa boriti za Rufiji ndizo zilizokuwa zikipakiwa majahazini kwenda Zanzibar na Arabuni. Mkata boriti aliyekuwa akifanya biashara yake sasa alihitaji ruhusa ya bwana misitu, la sivyo akubali ujira wa kukata kwa niaba ya serikali. Machi 1905 amri mpya ilitaka rupia tatu kwa kila nyumba, na asiyekuwa nazo akapelekwa kwenye kazi za umma. Juu ya hayo kulikuwa na mashamba ya pamba ya lazima, yaliyosimamiwa na majumbe na maakida. Julai mwaka huo pamba iling'olewa Nandete, Umatumbi, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, aliyekuwa akitoa maji ya dawa Ngarambe, alinyongwa tarehe 4 Agosti huko Mohoro, palipokuwa na kituo cha utawala. Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi, na kosa la baadhi ya waandishi ni kuzikusanya zote ndani ya kodi. Hata hivyo, katika bonde hili kodi, msitu na pamba vilikuwa mzigo mmoja kwenye bega moja.

Waingereza waliandika sheria mpya ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922, lakini hawakugusa kiini: kodi iliendelea kuwa njia ya kumsukuma mwanamume atafute kazi ya ujira. Baada ya uhuru sura zilibadilika mara kadhaa. Halmashauri zilifutwa 1972, zikarejeshwa kwa sheria za 1982, na pamoja nazo ikaja kodi ya maendeleo, iliyomdai kila mtu mzima kiasi kilekile, mwenye nacho na asiyekuwa nacho. Wazee wa vijijini wanaikumbuka kwa mgambo wa alfajiri na vijana waliokimbilia porini. Serikali iliifuta 2003. Ulikuwa uamuzi wa haki, na atakayependekeza irudi nitampinga.

Lakini pengo lililoachwa lilizibwa na kitu ambacho wanazuoni wetu wamekiangalia kidogo mno. Kodi iliondoka nyumbani kwa mtu ikahamia barabarani. Leo halmashauri kama ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katika muongo uliopita, inategemea sana ruzuku ya Serikali Kuu, na katika mapato yake ya ndani ushuru wa mazao una nafasi kubwa: korosho, ufuta, nazi, samaki, mkaa. Ushuru huo hukusanywa getini na kwenye minada, mahali mzigo unapopita. Kisheria, ushuru wa mazao ya kilimo unamwangukia mnunuzi. Kwa uhalisia, mnunuzi anaujua kabla hajafika kijijini, na anaupunguza kwenye bei anayomtajia mkulima. Ushuru ulipopunguzwa 2017 kutoka 5% hadi 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa mazao ya chakula, nafuu ilitegemea nani ana nguvu ya kupanga bei. Mkulima anayeuza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini, kabla ya msimu, kwa sababu mtoto ni mgonjwa au ada inadaiwa, hana nguvu hiyo. Risiti inayotoka kwenye mashine ya getini ina jina la mwenye lori. Mwanamke wa Mbwera aliyepalilia ufuta ule amelipa, lakini hakuna karatasi duniani inayosema hivyo. Hapo ndipo uhusiano wa raia na halmashauri unapokatika, hata kama fedha zimefika benki salama na mkaguzi ametoa hati safi.

Kwenye ngazi ya juu nako hali ni hiyohiyo. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi ulipangwa 65% irudi kuendeleza zao na 35% iende Hazina. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa mikoa ya kusini walipinga kwa sauti kubwa, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini mkulima ambaye makato yale yalimfikia kama bei ndogo hakuwa na namba ya kuitaja.

Mapato ya namna hii yana udhaifu mwingine. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Shamba likizama, mzigo haupiti getini, na halmashauri inapungukiwa wakati uleule watu wake wanapohitaji mahema, dawa na mbegu. Kwa bonde linaloishi kwa kupanda na kushuka kwa mto, huu ni msingi mbaya wa bajeti.

Kuna jambo gumu ambalo mwandishi wa Kibiti hawezi kulikwepa. Kati ya 2015 na 2017 wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa katika eneo hili, na Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Sidai kwamba ushuru ulizaa mauaji yale. Kudai hivyo ni kuwadhulumu marehemu na familia zao. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo sura ya serikali inayoonekana mara nyingi zaidi ni kizuizi cha ushuru barabarani, imani ya umma huwa nyembamba, na usalama huhitaji imani hiyo.

Wapo watakaosema maskini wa delta asiingizwe kabisa kwenye daftari la kodi, kwa kuwa daftari ndilo lililomtesa babu yake. Naielewa hofu hiyo. Lakini tayari analipa, na kutoandikwa hakumpunguzii hata shilingi. Pendekezo langu ni dogo: kila ushuru unaokatwa uandikwe na kijiji mzigo ulikotoka, na jumla yake isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa kila robo mwaka, kando ya fedha zilizorudi. Kwa korosho na ufuta hakuna kikwazo cha kiufundi, kwani vyama vya msingi vya ushirika vina daftari la kila mkulima na kilo zake. Kwa mazao ya mikoko, kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kinaweza kutaja kijiji. Samaki na kambamiti ndio wagumu: mvuvi wa Salale huvua maji ya Kiongoroni na kuuzia Nyamisati, kwa hiyo kijiji cha asili hakiwezi kuwa maji alimovua. Iwe ni kijiji anakoishi mvuvi, kama kinavyosomeka kwenye leseni yake, na vikundi vya wavuvi vya ulinzi wa rasilimali vipewe kazi ya kuthibitisha orodha hizo kabla ya kufika halmashauri.