Mapunye au upele? Ng'ombe akinyonyoka manyoya, usikimbilie sindano

Ng'ombe ana vipara shingoni, mfugaji anakwenda duka la dawa za mifugo, anauziwa ivermektini, anachoma. Wiki tatu baadaye vipara viko palepale, tena na ndama wa jirani ameanza. Hii hutokea sana, na sababu ni rahisi: ivermektini inaua minyoo na wadudu. Fangasi haiwagusi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, mwangalie ng'ombe vizuri.

Mapunye (fangasi) huja kama madoa ya duara yenye magamba ya kijivu, hasa kuzunguka macho, masikio na shingo. Ndama ndio wanaoshikwa zaidi, na kwa kawaida hawajikuni sana. Upele ni tofauti kabisa: mnyama anajisugua kwenye nguzo mpaka anatoka damu, ngozi inakuwa nene na kujikunja. Chawa utawaona kwa macho ukipanua manyoya ya shingo na mgongo.

Kuna pia ugonjwa wa msimu wa mvua ambao wengi huuita fangasi lakini ni bakteria. Manyoya hushikamana kama ncha za brashi ya rangi, na ukiyavuta yanatoka na gamba. Huo unahitaji antibayotiki kutoka kwa daktari wa mifugo. Na kama ni vinundu vigumu mwili mzima pamoja na homa, huenda ni mapele ngozi, ugonjwa wa virusi. Mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo.

Kutibu mapunye

Vaa glavu. Lainisha magamba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, yabandue taratibu, kisha yachome moto, usiyatupe bandani. Paka dawa ya iodini kila siku kwa siku kadhaa mpaka magamba yaache kurudi. Mtenge mgonjwa na apate jua. Mapunye mengi hupona yenyewe ndani ya miezi miwili hadi minne, lakini ukisubiri tu, kundi zima litaambukizwa. Mbegu za fangasi hukaa hai kwenye nguzo na kamba kwa miezi mingi, hata miaka, kwa hiyo banda nalo lioshwe kwa dawa.

Oili chafu ya gari, ambayo bado inapakwa sehemu nyingi, achana nayo. Ina sumu, na ng'ombe hujilamba.

Kutibu upele, chawa na kupe

Hapa ndipo ivermektini ina kazi: kwa dawa ya asilimia 1, mililita 1 kwa kila kilo 50, chini ya ngozi. Shida ni maziwa. Chupa nyingi zimeandikwa isitumike kwa ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya watu, na kuchemsha hakuiondoi dawa hiyo. Soma lebo, pia uone siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Njia nyingine ni kuogesha kwa amitrazi. Ile ya asilimia 12.5 kwa kawaida huchanganywa mililita 40 kwenye lita 20 za maji. Lowesha kote: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani. Kwa upele na chawa rudia baada ya siku 7 hadi 14, maana mayai huwa yamebaki. Kupe wanataka ratiba ya kila wiki kwenye maeneo yenye ndigana kali. Usiipunguze dawa ili idumu; kupe wanaonusurika huzaa kupe sugu. Na punda asiogeshwe na amitrazi, inaweza kusimamisha utumbo wake.

Mwisho, watu wa nyumbani. Mapunye ya ng'ombe huwapata binadamu, na mara nyingi ni mtoto anayeshika ndama. Akitokewa na duara jekundu linalowasha mkononi au kichwani, apelekwe zahanati, na mhudumu aambiwe kwamba nyumbani kuna ng'ombe mgonjwa.