Redio iliyosubiri jibu, simu iliyojifunza kusikia

Kwenye pantoni ya Kigamboni, Dar es Salaam, asubuhi, si ajabu kumkuta kijana aliyevaa hedifoni akirudiarudia maneno ya Kiingereza kwa sauti ya chini. Simu inamtamkia neno, naye analifuatisha. Akipatia, anaongezewa pointi. Akikosea, neno lilelile linamrudia baadaye. Ng'ambo ya maji zipo hoteli za ufukweni zinazopokea wageni, na zipo sekondari ambako karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Msamiati huo una kazi.

Programu za simu za aina hiyo ni za juzi, lakini mbinu yake Afrika Mashariki inaifahamu kwa zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1980 Kenya ilianza mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi, Taasisi ya Elimu ya Kenya ikishirikiana na wataalamu wa Marekani. Mbinu yenyewe ilikwisha kujaribiwa Nikaragua katika somo la hisabati. Mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza sekunde chache, darasa zima likajibu kwa pamoja, kisha redio ikatoa jibu sahihi. Katikati ziliwekwa nyimbo na michezo. Kwa nusu saa, mtoto asiye na kitabu alifungua kinywa mara nyingi kuliko ambavyo angepata nafasi katika darasa la kawaida lililojaa.

Zanzibar nayo, kuanzia mwaka 2006, ilikuwa na vipindi vya "Tucheze Tujifunze" kwa watoto wadogo, wakiwamo wasio na shule ya awali karibu na nyumbani. Dar es Salaam ikaja na katuni: Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa TBC1 Januari 2014, ikifundisha hisabati na sayansi, na mtazamaji aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida ya vitufe.

Kasoro ya redio ilikuwa moja: haikusikia. Aliyepatia na aliyekosea walipongezwa sawasawa.

Hatua kubwa ilionekana Tanga. Kuanzia mwaka 2017, kwa miezi 15, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 walijifunza kusoma Kiswahili, kuandika na kuhesabu kwa vishikwambi, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Programu za Onebillion na Kitkit School ziligawana ushindi mwaka 2019. Miongoni mwa waliofika fainali ilikuwamo RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambayo ilimsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Chuo hichohicho ndiko walikotoka waanzilishi wa Duolingo, mchezo wa lugha uliofunguliwa kwa umma mwaka 2012 na kuongeza somo la Kiswahili mwaka 2017.

Kusikia, hata hivyo, si kuelewa kila mtu. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza kina zaidi ya 10. Mwanafunzi wa Kigamboni akitamka "bad" na "bird", maneno hayo yanaweza kutoka karibu sawa. Mwalimu wake anamwelewa kwa muktadha. Mashine iliyofunzwa kwa sauti za London na Chicago inaweza kumkatalia mara tano mfululizo, hata akaingiwa na woga wa kusema. Hilo ni jambo zito, kwa sababu mtu hajifunzi lugha kwa kunyamaza.

Tiba ni sauti nyingi za watu wa hapa. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa Mozilla ulipata dola milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili. Yeyote mwenye simu na bando husoma sentensi fupi na kuirekodi. Wengine huisikiliza na kuithibitisha. Kinachokusanywa hutolewa bure, kwa hiyo mtaalamu wa programu wa Temeke anaweza kukitumia sawa na kampuni kubwa ya Marekani.

Mradi uko wazi kwa Kiingereza pia, na anayerekodi anaruhusiwa kutaja lafudhi yake. Shule za Kigamboni zinaweza kuanza kuchangia sauti hapo.