Tathmini ya Vituo vya Kujifunza vya Jamii vya Karne ya 21
Ni uchunguzi wa kitaifa wa programu za baada ya saa za masomo nchini Marekani, uliofanywa na taasisi ya Mathematica kwa niaba ya Wizara ya Elimu. Wanafunzi wa shule za msingi waligawanywa kwa kura: baadhi waliingia katika vituo vinavyoendesha programu hizo, wengine wakabaki nje ili walinganishwe nao. Ripoti zilizotoka kati ya 2003 na 2005 zilionyesha kuwa wanafunzi walioingia vituoni walijihisi salama zaidi, lakini alama zao za mtihani wa kusoma hazikupanda. Mwaka 2003, ikitaja matokeo ya kwanza ya uchunguzi huo, serikali ya George W. Bush ilipendekeza bajeti ya vituo hivyo ipunguzwe kutoka takriban dola bilioni 1 hadi milioni 600. Bunge lilikataa.