Kwa nini jina ya nkambo haionekani katika buku



Tangu watu walianza kurudi Djugu na Irumu, kuna ulizo moja linaletwa karibu kila mkutano wetu hapa Bunia. Mtu amefika mugini kwake, amekuta mwingine analima shamba, na anaulizwa: "Nkambo yako alikuwa nani? Aliandikwa wapi?" Anakwenda kutafuta. Anapata jina ya shefu wa zamani, anapata hata nkambo wa jirani, lakini wa kwake hapana. Na hapo watu wengine wanasema haraka: kama hayuko katika buku, basi hakuwa mtu wa hapa.

Tunaona neno hilo ni la hatari. Tunajua wote ugomvi wa mashamba ulitufikisha wapi tangu 1999. Tena si neno la kweli, na kwa kuona hivyo tuulize kwanza buku zile ziliandikwa kwa kazi gani.

Wakati wa Wabelgiji, dekreti ya 1910 iliweka wanainchi chini ya sheferi zilizotambuliwa na Leta, na ile ya 1933 ikapanga upya sheferi pamoja na sekteri. Shefu alipaswa kujua watu wake ni wangapi, sababu ya lampo, sababu ya kazi za barabara, na baadaye sababu ya mashamba ya lazima. Kwa hiyo aliyetafutwa ni mwanaume mzima mwenye nguvu. Huyo njo alikuwa na fishi yake katika teritwari na buku yake mfukoni. Muke aliandikwa chini ya mume. Watoto mara nyingi walikuwa namba tu: wavulana wangapi, wasichana wangapi. Na mwenye wake wengi alilipa lampo ya kuongeza. Fikirini wenyewe: karani amefika na kapita, anauliza uko na wake wangapi, na kila jibu liko na bei yake. Nani angewataja wote?

Kwa hiyo mtu anayefungua karatasi za wakati ule akifikiri atakuta jamaa nzima, anakuta walipa kodi. Nkambo aliyezeeka mbele ya sensa kufika, ama aliyekufa kijana, ama aliyekuwa mwanamke, hakuwa na nafasi kubwa humo.

Halafu kuna kuhama. Mtu hakuweza kutoka sheferi yake na kukaa mbali muda murefu bila ruhusa ya Leta. Aliyepata ruhusa alifutwa huku na kuandikwa kule. Aliyetoka bila ruhusa alibaki katika buku ya kwao kama mtoro, na kule alikofika alijificha, ama alijiita jina ingine. Na sisi watu wa Ituri tulihama sana. Zahabu ilionekana Kilo mwaka 1903, na tangu hapo kazi ya Kilo-Moto ilivuta wanaume kutoka Djugu, Irumu, Mahagi na Aru, wengine kwa mapenzi yao, wengi kwa kusukumwa na shefu aliyedaiwa watu. Mtu wa namna hiyo alihesabiwa kambini, chini ya kazi. Watu wa miji nao, tangu dekreti ya 1931, waliweza kuwekwa katika santre zilizokuwa mbali na utawala wa sheferi. Ukimtafuta kwao, hayuko. Yuko, lakini chini ya namba ya mufanyakazi.

Mpaka nao ulitembea. Boga ni mfano mzuri. Apolo Kivebulaya alifika huko mwaka 1896 kutoka Uganda, na watu wa pale walihesabiwa kuwa upande wa Waingereza mpaka mapatano ya mipaka ya 1910 yalipowaweka Kongo. Mahali ni pale pale, vilima ni vile vile. Hata jina inaandikwa namna mbili, Boga na Mboga, na anayetafuta moja tu anapoteza nusu ya karatasi. Kwa upande wa Aru ilikuwa kinyume: inchi ya Lado, ambayo Leopold II aliishika mpaka kufa kwake mwaka 1909, ilirudi kwa Waingereza, na mwaka 1914 upande wake wa kusini ukawa West Nile ya Uganda. Waalur, Walugbara na Wakakwa wakabaki na jamaa pande zote mbili. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kulipa lampo kwa wazungu wa lugha mbili.

Majina yenyewe yanatuchezea. Kwa Wahema wa kusini mapacha wavulana wanaitwa Isingoma na Kato, na anayezaliwa nyuma yao ni Kiiza; kwa hiyo kila mugini uko na akina Kato wake, na kusema "nkambo yangu ni Kato" ni kama kusema alikuwa na mikono miwili. Mualur aliye Upio huku, ngambo anaandikwa Opio. Sauti za Kilendu zilimushinda karani, naye aliandika alichosikia. Halafu mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya kizungu. Muzee aliyebatizwa Joseph, aliyejulikana na Leta kwa Joseph, akaanza kuandikwa kwa jina ya kwao peke yake, wakati mwingine pamoja na ingine aliyochagua siku ile ile. Kwa macho ya karatasi, Joseph alipotea na mtu mupya akazaliwa na miaka makumi tano.

Wilaya nayo ilibadilisha nguo. Ituri imekuwa provensi tangu 2015 tu. Karatasi za zamani ziko chini ya Kibali-Ituri, Stanleyville, Provensi Orientale ama Haut-Zaïre, na sheferi zilipita kuitwa kolektivite. Juu ya hayo yote, Wasimba walipita mwaka 1964, na Mei 2003 maofisi mengi ya Bunia yaliporwa. Sensa ya mwisho ya inchi nzima ni ile ya Julai 1984, na ilichotuachia ni hesabu, siyo majina. Wenye kufikiri Brussels iko na jibu wajue vilevile: ripoti za mwaka za wakati wa koloni ziko kule, na zinaonyesha watu wangapi kwa kila sheferi. Ni vizuri kwa historia. Kwa kujua babu yako, hazitakusaidia sana.

Kwa maoni yetu, buku inayosaidia zaidi ni ya batizo. Karani wa lampo alitafuta kodi; padri alitafuta nani ni mutoto wa nani, na nani ameoa nani. Humo muna jina ya baba, jina ya mama, msimamizi, mahali. Pembeni ya mustari wanaongeza baadaye ndoa, hata kama ilifungwa parokia ingine. Na sheria ya Kanisa Katolika ya 1917 ilidai nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu; kwa hiyo buku iliyochomwa mugini inaweza kuwa na ndugu yake mahali pengine. Mukumbuke tu kwamba jimbo la Bunia limeitwa hivyo tangu 1959. Mbele yake mutafute Lac Albert. Kwa Waprotestanti mambo ni tofauti, lakini orodha za mashule na za wagonjwa zimeokoa wengi.

Mama mmoja kati yetu alimutafuta baba ya baba yake kwa jina aliyoisikia utotoni, na hakumuona popote. Alimupata akiacha kumutafuta yeye. Aliulizia batizo ya shangazi yake mudogo, na hapo jina ya baba imeandikwa kwa herufi zingine kabisa, pamoja na jina ya mama, ambayo mtu yeyote wa jamaa alikuwa ameisahau. Alikwenda kutafuta nkambo mwanaume, akarudi na wote wawili.

Njo maana tunawaomba muanze kwa wanawake. Bibi, shangazi, muke wa pili aliyefichwa kwa kapita: hao wanajua nani alizaliwa nyuma ya nani, mwaka wa njaa gani, shefu alikuwa nani. Andikeni na majirani wa kabila ingine, maana shahidi asiye wa jamaa anasikilizwa zaidi siku ya kesi.

Na tusisahau watoto. Sheria ya jamaa, kama ilivyobadilishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha mutoto. Zikipita, lazima kupitia tribinali. Wangapi walizaliwa Kigonze, Rhoe ama Kyangwali ngambo ya ziwa, na wako na kikaratasi cha hospitali tu? Sheria ya uraia ya 2004 inauliza asili, na asili inaulizwa kwa wazazi. Wajukuu wa hawa wadogo watafika siku moja kuuliza kama tunavyouliza sisi.

Komite imefungua daftari kwa kila grupema. Siku ya mkutano mufike pamoja na mtu mzee kuliko wote nyumbani kwenu. Kama hawezi kutembea, mutuambie, tutamufikia. Karatasi za zamani (buku ya lampo, buku ya kazi, karata ya batizo, hata iliyopasuka) musiziachie mtu yeyote, na komite vilevile. Tutazipiga picha na simu mbele ya mwenyewe, na mwenyewe atarudi nazo.