Loughor: Kitongoji cha Wachimba Makaa na Moto wa 1904



Najua umefungua gazeti hili kutafuta picha yako na kwaya yako. Utaziona. Mimi nimepewa ukurasa wa historia, na leo nakuomba tutoke kidogo nje ya mipaka yetu, twende Wales, upande wa magharibi wa Uingereza. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini safari hii inatuhusu.

Chuo cha Biblia, uamsho wa Wales tulifundishwa kwa kipindi kimoja tu. Tuliandika mwaka, tukaandika jina la mhubiri, tukafanya mtihani, basi. Baadaye niliposoma mwenyewe ndipo nikagundua jambo: uamsho ule hauwezi kuueleza bila kueleza makaa ya mawe. Waliopiga magoti usiku ndio waliokuwa wakishuka mgodini asubuhi.

MAHALI PENYEWE

Loughor iko kando ya mto wenye jina hilohilo, karibu na mji wa Swansea. Wenyeji kwa Kiwelisi wanapaita Casllwchwr. Ni mahali pa zamani sana. Warumi walijenga ngome pale. Lakini kilichowaleta watu wengi ni makaa ya mawe na viwanda vya mabati.

Enzi hizo meli, treni na viwanda vilikula makaa usiku na mchana, na Wales Kusini ndiyo ilikuwa ghala lake. Mwaka 1913 migodi ya eneo hilo ilitoa tani zipatazo milioni 57, na wafanyakazi walizidi 230,000. Hebu fikiri, ndugu yangu, ni nyumba ngapi zilizokuwa zikila kwa jasho hilo.

Maisha yalikuwaje? Baba anaondoka kabla ya jua na, wakati wa baridi, anarudi jua limeshazama. Anarudi mweusi tii kwa vumbi, anaogea kwenye beseni kubwa mbele ya moto jikoni, mama ndiye aliyechemsha maji. Kama wana wa kiume ni watatu, beseni ni la wanne. Vumbi likaingia mapafuni taratibu, na mtu wa miaka hamsini akawa hawezi kupanda kilima bila kusimama. Na chini kule kulikuwa na gesi inayolipuka, ambayo cheche moja tu inatosha kuiwasha.

Watoto nao walishuka. Sheria ya mwaka 1842 iliwakataza wanawake na watoto wa kiume walio chini ya miaka kumi kufanya kazi chini ya ardhi. Maana yake kabla ya hapo walikuwa wanashuka, na hata baada ya hapo kijana wa miaka kumi na kidogo alihesabiwa ni mtu mzima wa kazi.

KIJANA WA MGODINI

Evan Roberts alizaliwa Loughor mwaka 1878. Baba yake alikuwa mchimbaji. Baba alipoumia mguu kazini, kijana akatolewa shule akiwa na miaka kama kumi na moja au kumi na mbili, akaenda kumsaidia mgodini. Alikaa kwenye kazi hiyo miaka kama kumi na miwili, kisha akajifunza uhunzi.

Inasimuliwa kwamba alikuwa akishuka na Biblia yake, anaificha mahali, akipata nafasi anasoma. Siku moja kukatokea mlipuko, na kurasa zake zikaungua pembeni. Kwa miaka mingi aliomba uamsho, jioni akitoka kazini anaenda ibadani, Jumatatu hadi Jumapili. Hapo alikuwa mchimbaji tu, hana cheo chochote.

Mwaka 1904, akiwa na miaka 26, alikwenda Newcastle Emlyn kujiandaa kwa huduma. Mwezi Septemba, kwenye mkutano wa Blaenannerch, alivunjika mbele za Mungu, akaomba apindwe, aifuate njia ya Bwana. Baada ya hapo masomo hayakukalika tena. Akarudi nyumbani.

USIKU WA 31 OKTOBA

Jumatatu tarehe 31 Oktoba 1904, baada ya maombi ya kawaida katika kanisa la Moriah, Evan aliomba vijana wabaki. Walibaki watu kumi na saba. Kumi na saba tu, mpendwa! Leo mchungaji akiona watu kumi na saba anaahirisha semina.

Ndani ya wiki chache Moriah ilikuwa imejaa hadi barabarani. Mikutano ilifika alfajiri, na wako waliotoka kanisani wakaenda moja kwa moja mgodini. Wakati mwingine hapakuwa na mahubiri, watu waliimba, waliungama, waliomba. Na tusimpe Evan sifa zote. Mapema mwaka huohuo, kule New Quay, msichana aitwaye Florrie Evans alisimama kati ya vijana wenzake akakiri kwamba anampenda Bwana Yesu kwa moyo wote, na moto ukaanzia hapo.

Watu waliosemekana kuokoka walifika kama 100,000. Baa zikakosa wateja, madeni ya zamani yakalipwa. Na iko hadithi ambayo wachungaji wanaipenda: farasi wadogo waliovuta mabehewa ya makaa chini ya ardhi walichanganyikiwa, kwa sababu walizoea kuamrishwa kwa matusi, na sasa matusi yamekwisha. Unacheka? Cheka, lakini jiulize: je, wokovu wako unasikika kazini, au unasikika kwenye maikrofoni tu?

MOTO ULIKOKWENDA

Ndugu wawili wa Maesteg, Stephen na George Jeffreys, waliokoka katika uamsho huo. Stephen alikuwa mchimba makaa. George ndiye aliyeanzisha Elim mwaka 1915. Mchimbaji mwingine, Daniel Williams wa kijiji cha Penygroes, alifikiwa na moto huohuo, akawa kiongozi wa kwanza wa kanisa la Apostolic, na mwaka 1931 alifika Nigeria. Kule Los Angeles, Frank Bartleman alikuwa akiandikiana barua na Evan Roberts mwaka 1905, kabla ya mambo ya mtaa wa Azusa mwaka 1906. Kwa hiyo ukinena kwa lugha Jumapili, kumbuka kwamba katika ukoo wako wa kiroho wamo watu wenye vumbi la makaa usoni.

YALE TUSIYOPENDA KUSIMULIA

Sasa sikia upande wa pili, maana historia si tangazo la mkutano.

Evan Roberts alichoka. Mwaka 1906, mwili na akili vikiwa vimelemewa, alijitenga na mikutano, akaishi Uingereza miaka mingi mbali na watu. Alikufa mwaka 1951, akazikwa nyuma ya Moriah. Walimtumia kama gari lisilohitaji oili, na hakuna aliyemwambia apumzike.

Migodi nayo haikuokoka. Tarehe 14 Oktoba 1913, mlipuko wa Senghenydd uliua wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja. Miongoni mwao, bila shaka, walikuwamo watu wa maombi. Tarehe 21 Oktoba 1966, kule Aberfan, kilima cha taka za mgodi kiliporomokea shule. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto.

Halafu makaa yenyewe yakapoteza soko. Serikali ilitaifisha migodi mwaka 1947, mgomo mkubwa ukaja 1984 hadi 1985, mgodi baada ya mgodi ukafungwa, na mwaka 2008 mgodi mkubwa wa mwisho wa chini ya ardhi, Tower, ukafungwa pia. Leo Loughor ni mtaa wa kuishi tu, watu wanalala pale na kwenda kazi mijini. Makanisa mengi ya Wales yamefungwa, mengine yamegeuzwa nyumba. Moriah bado imesimama, na mbele yake kuna kumbukumbu ya Evan Roberts. Wageni huja kupiga picha.

NA SISI JE?

Ushirika wetu umevuka mipaka, na baadhi yetu tunaishi jirani na makaa haya haya: Kiwira kwetu Tanzania, Mchenga kwa ndugu zetu wa Malawi, Maamba kwa wale wa Zambia. Vijana wetu wanashuka kwenye mashimo, ya makaa na ya dhahabu. Tunawaombea wapate kazi. Je, tunawauliza kama wana kofia, kama nguzo za shimo ni imara, kama wakiumia nani anawatunza watoto? Soma Ayubu sura ya 28 uone jinsi Biblia inavyomfahamu mchimbaji. Mungu anaona hadi chini kule.

Jambo la pili. Mzee aliyenibatiza alivuka mpaka kwa baiskeli miaka mingi, akihubiri na kulala kwenye vibanda vya watu. Nilikuwa najiambia, nitakwenda siku moja nimketishe chini anisimulie, niandike. Sikwenda. Amelala katika Bwana na daftari langu liko tupu. Mtoto wake hajui hata vijiji ambavyo baba yake alianzisha makanisa. Loughor tunaijua leo kwa sababu mtu aliandika. Yetu nani ataijua?

Basi, mpendwa, kabla ya maadhimisho yajayo, chukua kalamu. Nenda kwa mama yule aliyekuwa akipika kwenye mikutano ya kwanza, muulize nani walikuwepo, walikuwa wangapi. Usione haya kama atakuambia walikuwa kumi na saba.