"Border" na "boundary": mpaka upi?

Kiswahili kina neno moja, mpaka, pale ambapo Kiingereza kina mawili, na ndiyo sababu wafasiri wetu huyatumia "border" na "boundary" kana kwamba ni pacha. Kanuni ya darasani, kwamba "border" ni ya nchi na "boundary" ni ya shamba, husaidia kidogo tu.

Neno "border" limetokana na Kifaransa, kwa maana ya ukingo, na hadi leo lina upana. Pindo la kanga ni "border". Haliitwi "boundary", kwa kuwa ni sehemu ya nguo yenyewe. Vivyo hivyo Tunduma: maduka, forodha, foleni ya malori yaendayo Zambia, vyote viko kwenye "border", yaani mpakani. "Boundary" haina upana. Ni mstari unaoonyesha kitu kinakomea wapi, uwe umewekewa mawe au uko katika ramani tu. Hakuna aishiye ndani ya "boundary".

Kata ya Ibaba, wilayani Ileje, ina "boundary" na kata jirani. Vijiji viwili vikigombea malisho, kisha barua ikaandikwa "border dispute", msomaji wa mbali atadhani nchi mbili zimekorofishana. Katika kupima ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, andika "boundary".

Ugumu huanzia Mto Songwe, unaoitenga Tanzania na Malawi kwa mujibu wa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Mto huo huhama mkondo nyakati za mafuriko. Mkulima akiamka na kukuta shamba lake liko ng'ambo, wanasheria watauliza "boundary" iko wapi, ijapokuwa ni mpaka wa nchi. Ofisa uhamiaji wa Isongole atauliza nani amevuka "border". Hapa ndipo kanuni ya darasani huvunjika.

Kipimo changu ni kiambishi -ni: panapofaa kusema mpakani, "border" hufaa. Kufunga mpaka, hata hivyo, hubaki kuwa "border", maana kifungwacho ni njia ya kupita. Mipaka ya heshima au ya madaraka haina forodha. Hiyo ni "boundaries", na aghalabu huja kwa wingi, kama ilivyo katika Kiswahili.